Ua la protea: maana yake, na kwa nini majani yake hugeuka meusi ukishalikata

#1 Bi Mashada

Wakuu habari za leo, na wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu. Mimi ni mpambaji wa maua, mwaka wa kumi na mbili sasa, na katika maua yote yaliyopita mikononi mwangu hakuna lililowahi kunitoa machozi isipokuwa protea. Nianze na kisa chenyewe.

Wifi yangu alipoolewa aliniomba kitu kimoja tu: shada la protea za waridi, zile ambazo ncha zake zina manyoya meusi kama kope zilizotiwa wanja. Zikafika siku tatu kabla ya harusi, ndani ya boksi, mbichi kabisa. Nikazifanyia kama nilivyofunzwa kuyafanyia maua yote: ndoo, maji safi, kisha nikazifungia stoo penye giza zipumzike. Alfajiri ya harusi nafungua mlango, vichwa viko vilevile vizuri, lakini majani yote meusi tii, kama yamepitiwa na moto. Nikanyofoa jani mojamoja huku muda unakwenda. Vikonyo vikabaki vitupu, nikavizungushia utepe kutoka juu mpaka chini. Wifi hakusema neno. Lakini mimi kila nikiziona picha zile naangalia mkono wake, siangalii uso.

Kwa miaka nilimlaumu muuzaji, nikisema kaniuzia maua yaliyolala. Nilimkosea. Maua yalikuwa mazima. Aliyeyaharibu ni mimi kwa kuyaweka gizani. Na nilipoijua sababu, ndipo nilipolipenda ua hili kuliko mengine yote.

Kwanza tujue tunachoshika. Kile tunachokiita ua la protea si ua moja. Ni kichwa chenye maua madogo mengi, membamba kama nyuzi, yamesongamana katikati. Yale "mapetali" makubwa ya rangi yanayolizunguka ni majani yaliyobadilika ili yavutie na kulinda. Kila kaua kadogo hutoa mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, na protea ni karimu mno kwa mbochi, kwa sababu kwao, kule Rasi ya Afrika Kusini, wateja wake wakubwa ni ndege. Yupo ndege wa hukohuko mwenye mkia mrefu kupita kiasi, kwa kisayansi Promerops cafer, ambaye maisha yake yote yanazunguka vichaka vya protea. Ndege anahitaji kinywaji kingi kuliko mdudu. Mbochi wa aina moja, Protea repens, ni mwingi kiasi kwamba watu wa Rasi zamani walikuwa wakiukusanya na kuuchemsha hadi uwe sharubati nzito ya kutibu kikohozi. Kwa Kiafrikana mmea huo huitwa suikerbos, yaani kichaka cha sukari.

Sasa jiulize, sukari yote hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye majani. Mmea ukiwa shambani jua linapiga, majani yanapika, kichwa kinakula. Ukikata kikonyo, kichwa hakijui kuwa kimekatwa. Kinaendelea kudai sukari yake kama kawaida. Ukikiweka penye giza, majani hayapiki tena, yanabaki kutoa akiba. Akiba ikishaisha, na huisha haraka sana, seli za jani zinavunjika, vitu vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinachanganyika na kukutana na hewa, na jani linageuka jeusi kama biringanya iliyokatwa ikaachwa mezani.

Kwa hiyo jani la protea likiwa jeusi usidhani limeoza. Limekufa njaa likimlisha mwenziwe.

Naomba tujadili: utunzaji, maana, hata kilimo kwa wanaojua. Nitajibu ninayoyajua.

#2 kikonyo_kirefu

Mkuu nimesoma mara mbili. Mimi nilipewa protea tano juzi, zimeanza weusi kwenye ncha za majani. Nifanye nini SASA HIVI kabla hazijaisha?

#3 Bi Mashada

Ndugu, fanya haya leo leo.

Zitoe kwenye maji. Kila kikonyo kata upya kwa mkasi wa bustani wenye makali, toa kama sentimita mbili, kwa mshazari. Protea ina kikonyo cha mti, si kama tulipu, kwa hiyo mkasi wa karatasi utakiponda tu. Majani yote yatakayozama ndani ya maji yanyofoe. Yale yaliyokwisha kuwa meusi nayo yanyofoe, hayarudi kijani. Hata ya kijani, kama yamesongamana chini ya kichwa, punguza.

Osha chombo kwa sabuni kabisa, si kusuuza. Weka maji mengi, kwa sababu protea ni mnywaji mkubwa, siku ya kwanza utashangaa maji yalivyopungua. Kwenye lita moja tia kijiko kikubwa kimoja cha sukari, maji ya ndimu vijiko vikubwa viwili, na klorini ya kufulia nusu kijiko cha chai. Ukiwa na ile pakiti ya chakula cha maua inayouzwa pamoja na shada, tumia hiyo na uache hesabu zangu.

Halafu jambo kubwa kuliko yote: weka penye mwanga. Dirishani, penye mwanga mwingi, ila si pale jua la mchana linapochoma moja kwa moja, na mbali na jiko au kitu chochote kinachotoa joto. Usiku ukiweza ziachie taa ikiwaka.

Maji badilisha kila siku ya pili, na kila ukibadilisha kata kidogo tena.

#4 Mzee Kondo

Binti yangu, marahaba. Mimi nilifundishwa zamani kwamba kikonyo cha mti hupondwa kwa nyundo ili kinywe vizuri. Nimefanya hivyo miaka yote kwa waridi na kwa hizi protea. Unasema si sahihi?

#5 Bi Mashada

Shikamoo mzee wangu. Mafundisho hayo hata mimi niliyapewa na aliyenifunza kazi, tena kwa nia njema. Lakini kikonyo kinavuta maji kupitia mirija myembamba sana inayopanda ndani ya mti wake. Ukiponda, ile mirija inabanwa na kupasuka, na nyuzinyuzi zinazoning'inia majini zinakuwa chakula cha bakteria. Siku ya kwanza unaona kama kinakunywa, siku ya nne maji yananuka na mirija imeziba kwa utelezi. Mkato mmoja safi wa mshazari unatosha. Kama kikonyo ni kinene sana, kama cha ile protea kubwa ya mfalme, unaweza kukipasua chini kwa kisu mara moja kwa urefu wa sentimita mbili au tatu, basi.

#6 Mzee Kondo

Nimekuelewa. Nitajaribu bila nyundo.

#7 fundi_shada

Naongezea kutoka upande wa kazi. Kuna njia moja Bi Mashada hajaitaja ambayo inathibitisha maelezo yake: kuvua pete ya gamba. Chini tu ya kichwa, juu ya majani, unakwangua gamba la nje kuzunguka kikonyo, upana wa nusu sentimita hivi, bila kuingia kwenye mti. Sukari inayotoka kwenye majani husafiri ndani ya gamba. Maji yanayotoka chini hupanda ndani ya mti. Ukivua pete, kichwa kinaendelea kunywa maji lakini hakiwezi tena kunyonya majani. Majani yanabaki kijani siku nyingi zaidi.

Mimi nafanya hivyo kwa kazi za heshima ambapo majani lazima yaonekane. Inahitaji mkono mwepesi, ukizidisha kichwa kinavunjika.

#8 Bi Mashada

Fundi, asante kwa hili. Njia hiyo naijua na nimeijaribu, ila naomba nitofautiane nawe kidogo kwa ajili ya wanaoanza. Ukishakata njia ya sukari kutoka kwenye majani, kichwa kinategemea chombo tu. Kwa hiyo asiyeweka sukari kwenye maji asivue pete, atahamisha njaa kutoka kwenye majani kwenda kwenye ua lenyewe. Kwa nyumbani mimi nasema mwanga kwanza, pete baadaye.

#9 fundi_shada

Hapo sawa kabisa. Pete bila sukari ni kazi bure.

#10 Dada Zuhura

Naomba kuuliza upande wa maana, na naomba mnijibu kwa upole maana jambo lenyewe ni la msiba. Rafiki yangu kipenzi amefiwa na mume. Yeye anapenda protea tangu tukiwa wasichana. Nataka nimpelekee, lakini kila ninaposoma naona "protea ni mabadiliko, protea ni ujasiri". Mtu aliyefiwa unamwambiaje habari za mabadiliko? Naogopa nisije nikamchoma moyo.

#11 Mwanamimea

Pole sana dada, na pole kwa rafiki yako.

Mimi nimesomea mimea, acha nikueleze jina lilikotoka ili uone kwamba hizo maana si sheria. Aliyelitoa ni Carl Linnaeus, Msweden, mwaka 1735. Alilichukua kwa Proteus, mzee wa baharini katika hadithi za kale za Wagiriki, aliyeweza kujigeuza umbo lolote. Linnaeus alikuwa akitazama mimea ya Rasi iliyomfikia, akaona inatofautiana mno: mmoja majani kama sindano, mwingine majani kama vijiko, kichwa hiki kama ngumi, kile kama sahani. Jina lilikuwa la mshangao wa mtaalamu. Hakukuwa na habari za ujasiri wala faraja.

Tena mimea hii ilimsumbua kweli. Mwaka 1753 ile protea ya mfalme tunayoijua leo kama Protea cynaroides aliiweka kwenye jenasi nyingine (yaani kundi lingine la mimea ya jamaa moja), Leucadendron, na ule mti wa majani ya fedha wa Rasi, ambao leo ni Leucadendron, akauita Protea. Yaani majina yalikuwa yamepishana kabisa. Na kabla yake, mwaka 1605, mtaalamu mwingine wa mimea, Carolus Clusius, alieleza kichwa kikavu cha protea kilichofika Ulaya kwa meli, akakifananisha na mbaruti. Hilo neno cynaroides lenyewe maana yake ni "kama artichoki", mboga ya jamii ya mbaruti. Kwa hiyo ua hili limeitwa kwa sura ya kila kitu isipokuwa sura yake lenyewe.

Maana za mabadiliko na ujasiri zilibandikwa baadaye na wanaouza na wanaozawadiana maua. Mpelekee bila hofu.

#12 Bi Mashada

Dada Zuhura, pole sana. Nimesoma ulivyoandika nikakaa kimya kwanza.

Mwanamimea historia yako ni sahihi na nimejifunza. Lakini sikubali kwamba maana yote imebandikwa tu na wauzaji. Kwanza ile hadithi ya Proteus mara nyingi husimuliwa nusu. Mzee yule alikuwa akijua yaliyopita na yajayo, na aliyetaka kumuuliza jambo ilibidi amshike. Akishikwa anageuka simba, anageuka nyoka, anageuka maji, anageuka mti. Aliyemwachia kwa hofu aliondoka mikono mitupu. Aliyeng'ang'ania mpaka mwisho, mzee alichoka, akarudi umbo lake, akasema kweli. Mimi nikiisikia hadithi hiyo simwangalii anayegeuka. Namwangalia aliyeshika asiachie. Na rafiki yako sasa hivi ameshika jambo linalomgeukia kila saa kwa sura mpya.

Pili, kuna moto. Mwanamimea, naomba uueleze wewe, utaueleza vizuri kuliko mimi.

#13 Mwanamimea

Kwa furaha.

Protea nyingi za Rasi zinaishi kwenye uoto unaoitwa fynbos, vichaka vya majani magumu kwenye udongo maskini wa mchanga. Eneo hilo la mimea liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Fynbos huungua, na lazima iungue; kwa kawaida moto hupita kila baada ya miaka kumi, kumi na tano, ishirini hivi. Protea zina njia mbili za kuukabili.

Ya kwanza ni ya protea ya mfalme. Ina gogo nene chini ya udongo lenye macho yaliyolala. Moto ukipita, kila kilicho juu kinateketea, kisha kutoka kwenye lile gogo yanachipuka mashina mapya. Mmea uleule unaendelea kuishi.

Ya pili ni ya Protea repens, na ya neriifolia, ile yenye manyoya meusi aliyoisimulia Bi Mashada. Hizi hazichipui tena. Moto ukizipata zinakufa kabisa. Ila maisha yao yote zimekuwa zikihifadhi mbegu ndani ya vichwa vikavu, vimefungwa juu ya matawi mwaka baada ya mwaka, havifunguki. Mmea mama unapokufa kwa moto, vichwa vinakauka na kufunguka, mbegu zinamwagika kwenye majivu, na mvua za baridi zinapokuja zinaota. Ndiyo maana ukichoma mara mbili kwa haraka, kabla watoto hawajakua na kuweka mbegu, aina hiyo inaweza kutoweka mahali pale.

#14 Dada Zuhura

Hii ya pili nimeisoma nikalia. Mume wake ameacha watoto watatu.

Nitampelekea hiyo yenye manyoya meusi. Nitaomba ruhusa yenu ninakili maelezo ya moto niyaandike kwa mkono kwenye kadi.

#15 Mwanamimea

Ruhusa unayo dada. Andika kwa maneno yako, yatamfika zaidi.

#16 Bi Mashada

Na mimi naomba unifikishie pole. Ukimpelekea usimpe ndani ya karatasi la kufungia akaliacha hivyo hivyo, nyumba ya msiba watu wana mengi. Peleka na chombo chako, umeshakata vikonyo na kuweka maji, ukaiweke mwenyewe mahali penye mwanga. Aliyefiwa asipewe kazi.

#17 Nahodha wa Kriketi

Naingia kwa upande wangu. Kwetu wapenzi wa kriketi Proteas ni timu ya taifa ya Afrika Kusini, na hata timu yao ya netiboli inaitwa hivyo. Protea ya mfalme ni ua la taifa tangu 1976, na nembo ya taifa ile mpya iliyozinduliwa 27 Aprili 2000 ina protea katikati yake. Nilikuwa sijui kabisa hiyo habari ya gogo chini ya ardhi. Sasa naelewa kwa nini wamelichagua.

#18 kikonyo_kirefu

Narudi na taarifa, siku ya nne. Tatu kati ya tano majani yamesimama pale pale, weusi haujaongezeka. Mbili nilizoziacha sebuleni mbali na dirisha zimeendelea kuwa nyeusi, japo maji ni yaleyale yenye sukari. Kwa hiyo ni mwanga kweli. Ila ile kubwa kabisa imebaki imefumba kama ilivyokuja. Itafunguka lini?

#19 fundi_shada

Kama ni ya mfalme na ilikatwa ikiwa imefumba ngumu, pole ndugu, huenda isifunguke. Hiyo hukatwa pale ambapo majani ya rangi ya nje yameanza kuachia kidogo. Ukiibonyeza kichwani taratibu inakuwa laini kidogo, si jiwe. Ikikatwa mapema mno haina nguvu ya kutosha kujifungua. Mpe maji yenye chakula na mwanga, subiri siku tatu nne. Usiyapekue majani ya rangi kwa vidole kuyalazimisha, yatavunjika kwenye kitako.

Na kitu kingine: usinyunyizie maji juu ya kichwa. Watu wanadhani wanaiburudisha. Maji yakituama kati ya yale majani ya rangi, ukungu wa kijivu unaanzia ndani na huuoni mpaka umeshaharibu.

#20 Wa Nyanda za Juu

Nauliza wataalamu, niliwahi kupanda Kilimanjaro, na baada ya kutoka msituni, kwenye vichaka, niliona maua meupe-krimu yanayofanana kabisa na haya. Mwongozaji akasema ni protea. Inawezekana au nilidanganywa?

#21 Mwanamimea

Hukudanganywa mkuu. Hiyo huitwa Protea kilimandscharica. Wataalamu wengi siku hizi wanaihesabu kuwa tawi la Protea caffra. Ipo kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, Mlima Kenya ikiwemo. Huko anayeinywea mbochi ni ndege aitwaye chozi, hasa yule wa kijani kinachong'aa mwenye mkia mrefu. Na chini ya milima, kwenye mbuga zenye miti, zipo nyingine: Protea gaguedi, Protea welwitschii, Protea angolensis. Jenasi hii ina zaidi ya spishi 100. Nyingi mno zimejazana Rasi, lakini si mali ya Rasi peke yake.

Ila naomba kwa dhati: zilizo mlimani ziacheni mlimani. Zile za maua ya kukatwa zinatoka mashambani, zimepandwa kwa kazi hiyo. Ukikata za porini unawanyima ndege chakula na mmea mbegu.

Na kwa kumalizia mshangao: si zote zinategemea ndege. Zipo protea fupi za Rasi, vichwa vyake vimeinama chini karibu na ardhi, vimefichwa na matawi, vina harufu kama ya chachu. Wanaozichavusha ni panya wa porini, usiku.

#22 Wa Nyanda za Juu

Panya! Ahsante sana. Nikipanda tena nitapiga magoti nizitazame vizuri.

#23 Mama Bustani

Naomba msaada jamani. Nimepanda protea kwenye chungu, nimeitunza kama mtoto, samadi ya kuku kila mwezi. Majani yanakuwa ya njano, mengine yanakauka kuanzia pembeni. Nimwongezee mbolea gani?

#24 Mwanamimea

Mama, acha mbolea leo. Hiyo ndiyo inayomuua.

Protea imezaliwa kwenye udongo ambao karibu hauna fosforasi. Ili ipate kidogo kilichopo, inaota mizizi ya ajabu, vishada vya nyuzi nyembamba mno karibu na uso wa udongo, vinavyonyonya kila chembe ya fosforasi. Mmea wenye mizizi hodari hivyo hauna namna nzuri ya kukataa kikizidi. Samadi ya kuku imejaa fosforasi. Umempa sumu kwa upendo.

Kama mmea bado una uhai, uhamishie kwenye mchanganyiko unaopitisha maji haraka, mchanga mwingi, wenye asidi kidogo, bila samadi wala unga wa mifupa. Uhamishe kwa upole na usichokonoe mizizi ya juu. Jua la kutosha, upepo upite. Mwagilia kwenye udongo, si juu ya majani. Ukimwondolea magugu yanyofoe kwa mkono, usilime kuzunguka shina.

#25 Mama Bustani

Ee Mungu wangu. Nilidhani namnyima chakula. Ahsante mwanangu, leo hii naibadilisha.

#26 kikonyo_kirefu

Siku ya kumi na moja. Ile kubwa haikufunguka, fundi ulisema kweli. Lakini zile tatu za dirishani bado zinasimama! Swali: zikichoka kabisa nazitupa au zinakaushika?

#27 Bi Mashada

Zinakaushika vizuri kuliko ua lolote ninalolijua, maana lile kichwa tayari ni kigumu. Usisubiri zizeeke kabisa, rangi itakuwa imeshaondoka. Siku hizi hizi ulizonazo, toa majani ya kijani yote yaliyobaki, funga vikonyo kwa uzi, kimoja kimoja au viwili viwili, visisongamane, ning'iniza kichwa chini mahali pakavu penye hewa. Na hapa, tofauti na yote niliyosema mwanzo, ndipo penye kivuli panapofaa, kwa sababu jua linapausha rangi. Baada ya wiki tatu au nne kibonyeze kikonyo chini ya kichwa. Kikiwa kigumu na kikavu kote kimekamilika. Pinki itageuka kuelekea kahawia, lakini manyoya meusi yanabaki.

Ile iliyofumba nayo ikaushe hivyo hivyo ilivyo. Mimi ninayo moja ya namna hiyo, iko juu ya meza yangu ya kazi, ilitoka kwenye boksi lile la harusi ya wifi. Niliipata chini ya karatasi baada ya wote kuondoka.

#28 Dada Zuhura

Nimetoka kwake sasa hivi. Niliziweka mwenyewe dirishani kama ulivyonielekeza. Alisoma kadi mara mbili, akauliza kama vile vichwa vikavu vina mbegu ndani. Nikamwambia nitauliza. Je, hizi za kukatwa zinaweza kuwa na mbegu?

#29 Mwanamimea

Mwambie hizi bado ni changa. Mbegu hukomaa miezi mingi baada ya ua kunyauka, kichwa kikiwa bado kwenye mmea, kwa hiyo ndani ya hizi hatapata. Lakini mbegu za protea huuzwa. Huwa ni kama vijikokwa vidogo vyenye manyoya. Wanaozipanda huzitibu kwanza kwa moshi, au huziloweka kwenye maji yaliyopitishwa moshi, ili ziamini kuwa moto umepita. Huchelewa kuota, wakati mwingine miezi, asikate tamaa mapema. Akitaka kujaribu, mlete humu, tutamfuata hatua kwa hatua.

#30 Dada Zuhura

Nitamleta.